Kumdhibiti Panya Nyumbani Bila Sumu: Somo kwa Kaya za Kilosa na Mikumi

Kila mwaka, mahindi ya masika yanapovunwa na kuhamishiwa nyumbani, panya huyafuata. Katika Wilaya ya Kilosa, kuanzia bonde la Mto Mkondoa hadi vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, magunia mara nyingi hulala chumba kimoja na watu, na mkwaruzo husikika darini usiku kucha. Kaya nyingi hukimbilia pakiti ya sumu gulioni. Hatua hiyo ingepaswa kuwa ya mwisho, na zipo sababu.

Sumu nyingi za panya huzuia damu isigande. Panya aliyeila hafi papo hapo. Huzurura siku kadhaa akiwa dhaifu, na paka au bundi anayemkamata katika hali hiyo huila sumu ile ile. Mtoto aliyeokota chambo naye huweza kukaa siku mbili au tatu bila dalili, kisha akaanza kutokwa damu wakati wazazi wamekwisha kusahau kilichotokea. Hatari zaidi ni unga au vidonge visivyo na lebo vinavyouzwa na wachuuzi, kwa kuwa tabibu akiletewa mgonjwa hana pa kuanzia. Viuatilifu nchini husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), na kisicho na lebo hakistahili kuvuka kizingiti cha nyumba. Aliyemeza sumu apelekwe kituo cha afya mara moja, pamoja na pakiti yenyewe, hata kama anaonekana mzima.

Panya wa Mkoa wa Morogoro ni miongoni mwa panya waliochunguzwa kwa kina barani Afrika. Kwa miongo kadhaa, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na wenzao wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, wamekuwa wakimfuatilia panya shamba. Jike lake lina chuchu zinazoweza kufika 24, hubeba mimba kwa siku 23 hivi, na huweza kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mara moja. Mwaka 1996 watafiti hao walichapisha matokeo ambayo kila mkulima wa Kilosa anafaa kuyajua: mvua za vuli zikiwa nyingi kupita kawaida, panya huanza kuzaliana mapema, na mlipuko hutarajiwa katika mwaka unaofuata. Kwa hiyo anayetazama mvua za Novemba na Desemba ana miezi kadhaa ya kujiandaa. Hasara si ndogo, kwani inakadiriwa kwamba panya huharibu kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi ya Tanzania kila mwaka.

Kwa kasi hiyo ya kuzaliana, nyumba moja ikisafishwa peke yake hujazwa tena na panya kutoka vichaka na nyumba za jirani. Kazi hii ni ya kitongoji kizima. Nyasi zikifyekwa na mitego ikitegwa wiki moja kwa kaya zote, matokeo hudumu; kila mtu akifanya kwa siku yake, nguvu hupotea. Mwenyekiti wa kitongoji anaweza kupanga siku hiyo kama apangavyo siku ya usafi.

Ndani ya nyumba, panya hutafuta chakula, maji na maficho. Sufuria zioshwe kabla ya kulala, pumba za kuku ziondolewe jioni, ndoo za maji zifunikwe. Panya mdogo hupita kwenye tundu lenye upana wa penseli, hivyo matundu ya ukutani yazibwe kwa kokoto na saruji, na nafasi kati ya ukuta na paa izibwe kwa wavu wa waya. Udongo mtupu haufai. Huchimbwa upya usiku huo huo. Kuni na matofali visirundikwe ukutani.

Kihenge cha nje kiinuliwe juu ya miguu, sakafu yake iwe angalau mita moja kutoka ardhini, na kila mguu uvishwe kofia ya bati iliyofunguka kuelekea chini. Fundi wa bati huitengeneza kwa muda mfupi. Panya hupanda mguu, hufika chini ya kofia, na hapo njia hukatika. Kofia hiyo haina maana yoyote, hata hivyo, ikiwa tawi la mwembe limeegemea paa la kihenge au ngazi imeachwa imesimama.

Mahindi yenyewe yana adui mwingine, dumuzi, ambaye wengi humwita Scania. Mdudu huyu aligunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, akitokea Amerika. Mifuko ya PICS, yenye tabaka mbili za plastiki ndani ya gunia, humuua kwa kumnyima hewa, bila dawa yoyote. Kwanza mahindi yakauke. Kipimo rahisi ni kutia mahindi kidogo na chumvi kavu katika chupa kavu, kuifunga, kuitikisa na kuiacha kwa robo saa: chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado ni mabichi. Panya akitoboa mfuko huo hewa huingia na wadudu hustawi, kwa hiyo mfuko wa PICS hauwezi kuchukua nafasi ya ghala lililozibwa.

Mitego ya kubana itegwe kando ya ukuta, kwa kuwa panya hupenda kupita huko, ikiwa na karanga zilizosagwa au dagaa. Mitego mingi kwa usiku machache hushinda mtego mmoja kwa mwezi. Mzoga usishikwe kwa mkono mtupu. Uchukuliwe kwa mfuko wa plastiki, ufukiwe, na mikono ioshwe kwa sabuni. Mkojo wa panya hueneza homa ya mgunda, ambayo Julai 2022 iliripotiwa kuua watu 3 kati ya wagonjwa 20 mkoani Lindi. Katika wilaya inayokumbwa na mafuriko, kama yale ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, onyo hilo lina uzito, kwa sababu vijidudu vya homa hiyo huishi kwenye maji na matope.

Paka husaidia, ingawa hamalizi kazi. Bundi husaidia zaidi ya anavyosifiwa: chakula chake kikubwa ni panya, naye hufukuzwa kwa mawe kwa sababu ya imani ya nuksi. Pilipili, vitunguu saumu na majani yenye harufu kali havijathibitika kumzuia panya mwenye njaa.

Ikumbukwe pia kwamba kitu cha asili si lazima kiwe salama. Maji ya tumbaku ni sumu kali, mafuta ya mwarobaini hayafai kumezwa na mtoto, na moshi wa samadi dhidi ya mbu huumiza mapafu ya walalao humo. Mende hufa wakinyunyiziwa moja kwa moja maji yenye sabuni, lakini hupungua hasa sehemu za jikoni zikiachwa kavu usiku. Kunguni wamwagiwe maji yanayochemka kwenye viungo vya kitanda, shuka zifuliwe kwa maji ya moto, na kazi hiyo irudiwe baada ya siku 10, mayai yaliyosalia yakiwa yameanguliwa.