Kuiamsha Pikipiki Iliyolala Miaka Mingi

Pikipiki iliyowekwa ghalani kwa miaka mingi haijafa, lakini ni rahisi kuiua siku ile ya kuiamsha. Mtu hurithi pikipiki ya baba yake, au huinunua kwa bei ndogo ikiwa imefunikwa magunia. Huitoa nje, hutia petroli, kisha huanza kupiga kiki mpaka jasho limtoke. Ikikataa kuwaka, amepoteza jioni moja tu. Ikiwaka, huenda akapoteza injini nzima kabla hajafika barabarani. Somo hili laeleza sababu yake, na utaratibu umpasao mwenye pikipiki ya mipigo miwili kuufuata.

INJINI YA MIPIGO MIWILI

Mpigo ni mwendo mmoja wa pistoni, kupanda au kushuka. Pikipiki nyingi za bodaboda za siku hizi zina injini ya mipigo minne, ambayo huwaka mara 1 katika kila mizunguko 2, na mafuta yake ya kulainisha hukaa chini ya injini. Injini ya mipigo miwili huwaka katika kila mzunguko. Ya namna hii ni BSA Bantam, iliyotengenezwa Uingereza tangu mwaka 1948 hata 1971, na ambayo mfano wake ulitoka katika DKW RT 125 ya Ujerumani. Nyingine ni Yamaha AG 100, iliyokusudiwa kwa kazi za mashamba.

Katika injini hii pistoni ipandapo huvuta petroli na hewa ziingie katika chumba cha krenki kilicho chini yake. Ishukapo, huzisukuma zipite katika njia za ubavuni mpaka juu ya pistoni, ndiko ziwakako. Basi chumba hicho ni kama pampu ya baiskeli: kikivuja hewa hakifai.

Kutokana na hayo kuna mambo mawili ya kushika sana. La kwanza, krenki, beringi zake na pistoni hulainishwa na mafuta yaingiayo pamoja na petroli. Petroli tupu ni sumu kwa injini hii. La pili, pande zote mbili za krenki kuna sili za mpira zizuiazo hewa. Sili hizo zikikaa miaka mingi hukauka na kupasuka.

KUTAZAMA KABLA YA KUPIGA KIKI

Kazi ya kwanza ni kutazama tu. Nyigu hupenda kujenga kwa udongo ndani ya bomba la ekzosi, na panya hutaga makao katika sanduku la kichujio cha hewa. Takataka zote ziondolewe, maana punje moja ya udongo ikivutwa ndani huikwaruza silinda.

Kisha plagi ifunguliwe, na vijiko viwili vya mafuta ya injini vimiminwe katika tundu lake. Pikipiki iachwe usiku kucha. Siku ya pili gia kubwa iingizwe, na gurudumu la nyuma lizungushwe kwa mkono, polepole, mbele na nyuma. Pistoni ikisogea vema, ni heri. Isiposogea, imeshikwa na kutu: mafuta yaongezwe, na subira iongezwe pia, hata siku kadhaa. Haifai kuikanyaga kiki kwa nguvu, kwa kuwa meno yake yatavunjika. Wala haifai kuigonga pistoni kwa nyundo. Ikikataa kabisa, silinda ifunguliwe na fundi.

TANGI NA KABURETA

Petroli ya zamani haifai hata kidogo. Huoza, hunuka vibaya, na huacha utomvu. Imwagwe katika debe, nje ya nyumba, mbali na jiko, taa na sigara. Mvuke wake huenda chini chini, nao waweza kufuata moto ulio mbali.

Tangi likiwa na kutu ndani, lijazwe siki na kuachwa siku moja au mbili. Kisha lisuuzwe kwa maji yenye soda ya kupikia, likaushwe upesi juani, na kusukwasukwa pamoja na mafuta kidogo ili kutu isirudi.

Kabureta ifunguliwe juu ya kitambaa cheupe, ili skrubu ndogo zisipotee. Tundu jembamba liitwalo jeti ndilo lipimalo petroli. Likiziba, injini haiwaki. Likiziba nusu, injini huwaka lakini hupata petroli haba pamoja na mafuta haba, kisha huungua. Jeti isafishwe kwa petroli mpya na kupulizwa kwa pampu. Isichokorwe kwa waya wa chuma, maana tundu likipanuka kipimo kimeharibika.

CHECHE

Plagi mpya ni bei ndogo kuliko mashaka. Katika pikipiki za kale zenye pointi, nyuso za pointi hizo hufanya ukungu zikikaa bure. Zisuguliwe kidogo kwa msasa laini, zipanguswe, na mwanya wake upimwe kama kitabu cha pikipiki kisemavyo. Halafu plagi iunganishwe na waya wake, iegemezwe juu ya chuma cha injini mbali na tundu la silinda, na kiki ipigwe. Petroli yote iwe imekwisha kuondolewa hapo. Cheche ya buluu yenye nguvu ni njema. Ikiwa nyekundu na dhaifu, kasoro itafutwe katika waya, pointi, kondensa au koili.

KUCHANGANYA MAFUTA

Hapa ndipo injini nyingi ziharibikapo. Kijana aliyezoea bodaboda hupita kituo cha petroli, akajaza tangi, akaenda zake. Baada ya muda mfupi pistoni yavimba kwa joto, yashikana na silinda, na gurudumu la nyuma laganda ghafula. Hilo laweza kumwangusha mtu akafa.

Mafuta yatumiwayo ni yale yaliyotengenezwa kwa injini ya mipigo miwili, nayo yachanganywe katika debe safi kabla ya kutiwa katika tangi. Ikiwa mtengenezaji aliagiza sehemu 1 ya mafuta kwa sehemu 25 za petroli, basi lita 5 za petroli zahitaji mililita 200 za mafuta. Pikipiki nyingine, kama Yamaha zenye pampu ya mafuta, zina tangi dogo la mafuta peke yake. Hata hivyo pampu iliyolala yaweza kuwa na hewa ndani. Hewa hiyo itolewe, na tangi la kwanza la petroli litiwe mafuta vilevile, mpaka ijulikane kwamba pampu yafanya kazi.

Giaboksi ina mafuta yake mbali. Ya zamani yamwagwe, mapya yatiwe.

KUWASHA, NA DALILI ZA SILI

Moshi mwingi mwanzoni usimwogopeshe mtu. Ni yale mafuta yaliyomiminwa katika silinda. Lakini moshi usipokoma, na mafuta ya giaboksi yakawa yapungua, sili ya upande huo imepasuka. Tena, injini ikipandisha mwendo yenyewe na kukataa kutulia baada ya kurudisha mkono wa mafuta, huenda yavuta hewa kwenye sili ya upande wa magneto. Izimwe mara moja. Kuendelea kuipanda ni kuichoma, na bei ya sili mbili ni ndogo sana kuliko bei ya silinda na pistoni.

KABLA YA KUTOKA BARABARANI

Injini kuwaka si ruhusa ya kusafiri. Tairi zilizopasuka ubavuni zibadilishwe hata kama michoro yake haijalika. Breki zifunguliwe na kusafishwa, waya zote zitiwe mafuta, mnyororo ukazwe, na karatasi za usajili na bima zitazamwe. Kofia ngumu ivaliwe.

Safari za kwanza ziwe fupi na za mwendo wa wastani. Yafaa kuwa na hadhari kwenye miteremko mirefu, kama ule wa kutoka Limuru kushuka Mai Mahiu. Injini ichanganyiwayo mafuta katika petroli, mkono wa mafuta ukifungwa kabisa huku gurudumu laizungusha kwa kasi, hukosa petroli na mafuta pia. Basi mwendeshaji aufungue mkono huo kidogo kila mara ili injini inywe.

Mwenye kufuata utaratibu huu atatumia siku kadhaa, na fedha kidogo za plagi, sili na mafuta. Mwenye kuanza na kiki aweza kuharibu kwa dakika chache chombo kilichokaa salama miaka yote hiyo.