Matumbawe ya Bahari za Kale: Tuyatambueje?

 

Ndugu msomaji, katika makundi yetu ya simu husambazwa picha za mawe yenye nakshi, na chini yake huandikwa "muujiza". Baadhi ya mawe ya namna hiyo ni visukuku vya matumbawe. Suratul Hujurat, aya ya 6, inatufundisha kuhakikisha habari kabla ya kuifanyia kazi. Basi na jiwe tulihakikishe.

Wanazuoni wetu walitangulia katika hili. Al-Biruni, katika kitabu chake cha Tahdid, alieleza kuwa jangwa la Uarabuni liliwahi kuwa bahari, na ushahidi wake ni makombe yanayopatikana watu wanapochimba visima. Ibn Sina naye, katika al-Shifa, aliandika kuhusu wanyama na mimea kugeuka mawe.

Tumbawe hujengwa na wanyama wadogo laini, kila mmoja akijijengea kikombe cha chokaa. Mnyama hufa, kikombe hubaki. Fuata hatua hizi:

1. Osha jiwe, kisha litazame kwa lenzi likiwa limelowa. Tafuta vikombe.

2. Chungulia ndani ya kikombe. Je, kuna kuta nyembamba zinazoelekea katikati kama spoku za baiskeli?

3. Tambua kundi. Rugosa wengi wana umbo la pembe ya mbuzi, na kuta zao huongezeka katika sehemu nne. Tabulata wana kuta hafifu au hawana kabisa, bali wana sakafu zilizopangana. Favosites hufanana na sega la asali. Skleraktinia, kundi la matumbawe ya leo, hupanga kuta kwa sita na vizidishio vyake.

4. Uliza umri wa mwamba. Rugosa na Tabulata walitoweka takriban miaka milioni 252 iliyopita. Skleraktinia walikuja baadaye. Kwa hiyo katika miamba ya Jurasiki ya Jabal Tuwaiq, karibu na Riyadh, tarajia Skleraktinia, si Favosites.

Tahadhari: nakshi ya sega peke yake haitoshi. Briozoa pia wana vitundu, ila ni vidogo mno.

Mwaka 1963, John Wells alihesabu mistari myembamba juu ya matumbawe ya kipindi cha Devoni, akapata takriban 400 kwa mwaka mmoja. Kila mstari ni siku moja. Maana yake, siku za wakati ule zilikuwa fupi kuliko zetu.

Ndugu zangu, marjan imetajwa katika Suratur Rahman, na hata hapo wafasiri wamehitilafiana: wapo waliosema ni lulu ndogo. Ikiwa wao walichunga neno moja kiasi hicho, sisi tusiwe wepesi wa kutangaza. Jiwe hili ni dalili tosha ya uwezo wa Muumba bila kuongezewa uongo.

Wallahu a'lam.