Mianga ya Usiku Angani
(Somo: Yeremia 10:2, Mithali 18:13, Amri ya Nane)

Hapa Arusha na pande zote za mlima Meru, mara kwa mara watu huona usiku mwanga angani wasioujua. Mmoja husema ni mwisho wa dunia. Wa pili husema ni wachawi, na kabla hakujapambazuka amekwisha kumtaja kikongwe wa jirani. Kwa ajili ya kikongwe huyo, jambo hili si dogo. Basi na tujifunze.

1. Waliochunguza
Mwezi wa Februari 1951 Jack Bicknell, rubani wa East African Airways, akiruka toka Nairobi kwenda Mombasa, alieleza ya kuwa asubuhi yeye na wenziwe walikiona kitu king'aacho juu ya Kilimanjaro. Wakati huo Marekani ilikuwa imekwisha kuanza kuchunguza habari za namna hii. Tangu 1947 hata 1969 jeshi lake la anga lilikusanya taarifa 12,618. Zilizo nyingi zilikuwa za nyota, sayari, vimondo, ndege na maputo. 701 zilibaki bila kutambulikana. Angalieni: hizo hawakuziita pepo wala wageni wa ulimwengu mwingine. Waliandika tu kwamba hazikutambulikana.

Tena, tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kijijini Mukuku, Makueni, nchini Kenya. Shirika la serikali lishughulikalo na anga za juu liliichukua, likaichunguza, likaeleza awali kuwa ni kipande cha roketi.

2. Tuyaonayo sisi
Zuhura hung'aa kuliko nyota zote. Tangu 2019 satelaiti za Starlink huonekana pengine zikifuatana kama shanga katika uzi. Ndege ijayo kukuelekea, taa yake huonekana kana kwamba imesimama. Nao wapandao Meru na Kilimanjaro huondoka usiku wa manane, taa vichwani. Mlima usipoonekana gizani, taa hizo hudhaniwa zi angani.

3. Neno la Mungu
Yeremia awakataza watu wa Mungu kuziogopa ishara za mbinguni kama mataifa waziogopavyo. Mithali yamwita mpumbavu yeye ajibuye kabla ya kusikia. Na katika Katekisimu Ndogo, Luther afundisha ya kuwa Amri ya Nane haitukatazi uongo tu. Yatuagiza pia kumtetea jirani na kumnenea mema.

4. Kazi ya mwinjilisti
Ukiletewa habari, uliza: Ni nani aliyeona kwa macho yake? Saa ngapi, upande gani, muda gani? Uliwaka na kuzimika, au ulikwenda? Ukiisha kuuliza, nawe hujui bado, sema, "Sijui." Neno hilo si aibu kwa mwalimu. Lakini jina la mtu likitajwa, usingoje Jumapili: siku iyo hiyo nenda nyumbani kwake pamoja na wazee wa usharika, mketi naye, watu wote waone.

Maswali
1. Kutojulikana kwa jambo kwatofautianaje na muujiza?
2. Ni nani kwetu aliyeumizwa na uvumi, naye amtetea nani?

Yeye aliyeziumba nyota na atulinde ndimi zetu. Amina.