Dondoo muhimu: Kuchangisha fedha za kituo cha manusura wa ukatili wa nyumbani

Kabla ya harambee, pigeni hesabu ya mwaka mzima. Watu hupenda kuchangia mabati na saruji kwa sababu vinaonekana. Mshahara wa mlinzi wa usiku, umeme, na nauli ya mama anayekwenda mahakamani kutoa ushahidi havipati mfadhili. Basi tafuteni mapema wachangiaji wa kila mwezi, hata wa shilingi 200: vyama, makanisa, misikiti, wafanyabiashara wa sokoni.

Pesa ziingie kwenye nambari ya Paybill ya shirika lililosajiliwa, si simu ya mwenyekiti, na benki isitoe kitu bila sahihi tatu.

Anayetaka kuleta vitu mpeni orodha: magodoro, sodo, sare za shule. Nguo kuukuu hazikosekani kamwe.

Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia (25 Novemba hadi 10 Desemba) huvuta wahisani, ila barua zenu ziwe mezani kwao kufikia Agosti.

Picha ya mwanamke aliyevimba jicho huleta pesa, ni kweli. Msiitumie. Wala msiweke mahali kituo kilipo kwenye bango la harambee. Mume anayemsaka mkewe naye husoma mabango.