NGOZI YA CHEMBE YA DAMU: NAMNA GANI MALARIA INAFUNGA NJIA



Kila mmoja wetu anajua tundu la kushushia mawe huko shimoni. Jiwe moja likikwama, mengine yote yanasimama nyuma yake. Ndani ya mwili wetu pia jambo hilo linaweza kutokea.

Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikroni 8 hivi (mikroni 1000 ni milimetre moja). Mishipa midogo kabisa ina upana wa mikroni 5 tu, ama chini yake. Chembe inapita namna gani? Inajikunja, kiisha inarudia sura yake. Ngozi yake ni punje za mafuta. Kila punje ina kichwa kinachopenda maji na mikia inayoyakimbia. Kwa hiyo zinajipanga zenyewe tabaka mbili, vichwa inje, mikia ndani. Chini yake kuna wavu wa protini unaovutika kama mpira.

Wataalamu wanaiga ngozi hiyo katika ordinatere. Wanaiweka kama vitone, pengine 500 tu, vilivyofungana kwa resori. Maji ya damu nayo yanakuwa punje zinazosukumana. Hoogerbrugge na Koelman walianzisha hesabu hiyo mwaka 1992. Kiisha wanapitisha chembe katika mrija mwembamba na kutazama.

Mwaka 2011, Fedosov, Karniadakis na wenzao walitoa hesabu ya damu yenye malaria. Mdudu akikomaa ndani ya chembe, ngozi inakuwa ngumu karibu mara 10, tena inanata kwenye ukuta wa mshipa. Damu inapita kwa shida. Ikiwa ni katika ubongo, mgonjwa anaweza kupoteza fahamu na kufa.

Homa inapanda wakati chembe zinapopasuka. Wadudu wapya wanaingia chembe zingine, na kwa saa 48 hivi wanakomaa. Ndiyo sababu kungoja ni hatari.

Basi tushike haya:

1. Ukisikia homa, baridi ama kichwa kuuma, mwambie kapita mbele ya kushuka. Kizunguzungu karibu na mashini kinaua wewe na mwenzako.

2. Enda lupitali siku ile ile, upimwe damu.

3. Maliza dawa yote munganga aliyokupa, hata kama homa imetoka.

4. Laleni ndani ya mustikere, wewe, bibi na watoto. Mtoto wa chini ya miaka 5 asingoje hata usiku mmoja.