Kitambulisho Chako Kiko kwa Nani?

Ndugu na akina mama wa vikundi vya Chepseon, leo tujifunze juu ya wizi wa majina, yaani mtu kujifanya wewe ili ale pesa zako.

Hapa karibu, Mulot, mpakani mwa Bomet na Narok, polisi wamekamata watu mara nyingi kwa kazi hii. (Wakaaji wengi wa huko ni watu wa heshima, tusiwatukane.) Mwizi akishapata jina, nambari ya kitambulisho na mwaka wako wa kuzaliwa, anahamishia laini yako kwenye kadi yake. Simu yako inakosa mtandao, wewe unadhani ni mvua. Huku yeye anabadilisha namba ya siri, anatoa pesa za M-Pesa, kisha anakopa kwa jina lako.

Habari hizo anazitoa wapi? Pengine anakupigia wakati wa bonasi ya majani chai, eti yeye ni wa Safaricom. Kampuni hiyo imesema hupigia wateja kwa 0722 000 000 tu. Na hapa tusifichane: kopi za vitambulisho vya wanachama ziko kwenye faili za vikundi, zikipita mkono kwa mkono. Sheria ya mwaka 2019 inataka habari za watu zitunzwe. Faili ifungiwe.

Mtandao ukipotea na jirani wa laini kama yako anao, azima simu yake upige 100 hapo hapo. Pia piga *106# uone laini zilizoandikishwa kwa kitambulisho chako.

Mjadiliane: Nani ana kopi ya kitambulisho chako? Aliiomba ya nini?