Kabla ya Kujaza Shimo, Tafuta Maji Yanakoingilia

Soma kwanza: Isaya 58:9-12



Juu ya kijiji chetu, kusini mwa milima ya Aberdare, kuna msitu ambao familia nyingi hutembea Jumapili baada ya Misa. Baba alianza kunipeleka huko nikiwa na miaka sita. Njia ni nyembamba, mtoto anaimudu, inapita katikati ya mierezi mpaka kwenye kijito. Hapo tulikuwa tunakula mahindi ya kuchoma, kisha tunarudi nyumbani.

Masika ya 2024 mnayakumbuka. Tarehe 29 Aprili mafuriko yaliua watu wengi kule Mai Mahiu, na tarehe 10 Mei ikawa siku ya mapumziko ya taifa, ya kuwakumbuka marehemu na kupanda miti. Msituni kwetu hakufa mtu, lakini dhoruba iliangusha miti na maji yakaigeuza njia kuwa korongo. Nilipokuja likizo, sisi vijana wa jumuiya tuliomba kibali tuitengeneze. Baba naye akaja na jembe lake. Tangu niingie seminari, karibu miaka miwili, hatukuwa tumezungumza vizuri. "Masomo vipi?" "Mazuri, Baba." Basi.

Kazi ile ilinifundisha mambo matatu.

1. Subiri udongo ukauke

Tulitaka kuanza siku hiyo hiyo. Mlinzi wa msitu akakataa. Udongo uliolowa ukikanyagwa huharibika zaidi, na mti ulioanguka ukabanwa unaweza kufyatuka ukikatwa ovyo, ukamuua mkataji. Magogo makubwa yakaachiwa wenye msumeno wa mashine na ujuzi wao. Sisi tukangoja wiki mbili.

Baada ya ugomvi au msiba, si kila neno lazima lisemwe leo. Kusubiri si kukimbia, mradi uwe umepanga kurudi.

2. Usiizoee njia ya mkato

Mwerezi mmoja ulikuwa umelala katikati ya njia. Watu wakawa wanauzunguka, na ndani ya wiki chache tayari kulikuwa na njia mpya: miche imekanyagwa, maji yamepata pa kupita. Hakuna aliyekaa akaamua kuichonga. Nikamkumbuka Aristotle, aliyenitoa jasho darasani: tabia, iwe njema au mbaya, huzaliwa na matendo yanayorudiwa. Unaacha kusali wiki moja kwa sababu ya mitihani. Mwezi ukiisha huoni hata kwamba umeacha. Mwerezi ulipokatwa, tuliiziba ile ya mkato kwa matawi na kurudi kwenye njia yetu.

3. Panda juu uone maji yanaingilia wapi

Nilikuwa nabeba mawe na udongo kujaza shimo kubwa la njiani. Baba akanitazama kwa muda, kisha akasema: "Kijana, ukijaza hapo, mvua ijayo italichimba tena. Panda juu uone maji yanaingilia wapi."

Tukapanda wawili. Hatua kama thelathini juu, ukingo wa njia ulikuwa umemomonyoka. Tukalaza gogo mshazari, tukalizika nusu, tukafungua mfereji upande wa bonde ili maji yatoke kabla hayajapata kasi. Ndipo tukashuka kujaza shimo.

Tulipokaa kupumzika nikajikaza: "Baba, na sisi wawili, maji yaliingilia wapi?"

Alinyamaza sana. Kisha akaniambia kwamba habari ya mimi kwenda seminari aliisikia kanisani, kwenye matangazo, pamoja na watu wengine wote. Yaani wito wangu haukuwa umemuumiza. Kilichomuumiza ni kwamba niliogopa kumwambia. Miaka miwili nilikuwa nikijaza shimo kwa salamu. Nikamwomba msamaha pale pale, mikono ikiwa na matope. Akasimama, akasema: "Frateri, chukua jembe twende." Hakuwahi kuniita hivyo.

Rafiki, huenda kuna dhambi unayoiungama kila mwezi. Mungu anakusamehe kweli, usitie shaka. Ila nia ya kutoirudia inakudai uulize inakoingilia. Ni simu saa sita za usiku? Ni upweke? Ni kidonda cha nyumbani ambacho hakuna anayekitaja? Mwambie padre akusaidie kupanda juu uone. Neema haituondolei jembe mkononi. Inatupa nguvu ya kulitumia. Na Isaya anatuambia kwamba Mungu huwafanya watu wake kuwa watengenezaji wa njia, ili wengine wapate kuishi.

Njia yetu sasa inapitika. Lakini kila baada ya mvua lazima mtu aende kuondoa majani kwenye mfereji. Nikiwa seminari, anayekwenda ni Baba.

Zoezi la wiki: Chagua shimo moja ambalo umelijaza mara nyingi. Andika mahali unapodhani maji yanaingilia. Kisha zungumza na mtu mmoja anayehusika, au na padre.

Tusali: Bwana, unajua palipobomoka ndani yangu na nyumbani kwetu. Nipe subira ya kungoja, ujasiri wa kuuliza, na unyenyekevu wa kusikia jibu. Amina.